David Livingstone na Vitabu vya Hesabu ya Watu

Habari za Daktari David Livingstone zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na watoto wengi wa shule zetu wazijua: jinsi alivyozaliwa katika umaskini, jinsi alivyoshikwa na simba, jinsi alivyozunguka maziwa na mito, na jinsi alivyokufa katika kijiji cha Chitambo. Basi hatutaki kuyarudia hayo kama yalivyozoewa. Twapenda kumtafuta kwa njia nyingine, ile wanayoitumia watu wa Ulaya wanapotaka kujua habari za mababu zao, yaani kuzipekua karatasi za hesabu ya watu, nyumba kwa nyumba na mwaka kwa mwaka. Njia hii yatuonyesha jambo ambalo sanamu na mawe ya ukumbusho hayalionyeshi, nalo ni habari za wale waliokaa nyumbani.

Kwanza yafaa tueleze hesabu yenyewe ilivyokuwa. Nchi ya Uingereza pamoja na Uskoti na Wales ilianza kuwahesabu watu wake mwaka 1801, na tangu hapo ikafanya hivyo kila baada ya miaka kumi. Katika hesabu nne za kwanza serikali haikutaka majina. Ilitaka idadi tu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, nyumba ngapi. Hata mwaka 1841, Malkia Victoria alipokuwa katika mwaka wa nne wa kutawala kwake, ndipo majina ya watu wote yalipotakiwa. Makarani waligawanyiwa mitaa, wakapita mlango kwa mlango, wakaandika wote waliolala katika kila nyumba usiku mmoja uliochaguliwa, usiku wa tarehe 6 Juni. Aliyekuwa ng'ambo ya bahari usiku ule hakuandikwa, hata kama mama yake alikuwa bado amemwekea kitanda chake.

Vitabu vya mwaka 1841 vina upungufu wake. Umri wa watu wazima haukuandikwa sawasawa, bali ulishushwa mpaka tano au kumi iliyo karibu. Mtu wa miaka 53 aliandikwa 50, na mtu wa miaka 59 aliandikwa 55. Wala haikuandikwa huyu ni nani wake yule, hata asomaye hawezi kujua kwa yakini kama msichana aliyetajwa ni binti wa nyumba au ni mpangaji. Mwaka 1851 mambo yalitengenezwa: umri kamili uliandikwa, na udugu wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na kama ameoa au ameolewa, na parokia aliyozaliwa. Mwaka 1861 huko Uskoti yaliongezwa maswali mawili mazuri: watoto wangapi wa miaka 5 mpaka 15 wanakwenda shule, na nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha. Mwalimu akisoma majibu ya maswali hayo, atajua mengi juu ya kijiji kile.

Tena mtafutaji hategemei hesabu peke yake. Huilinganisha na madaftari ya kanisa ya ubatizo na ndoa, na kwa Uskoti, tangu tarehe 1 Januari 1855, na vitabu vya serikali vya vizazi, ndoa na vifo. Kitabu cha vifo cha Uskoti kina faida kubwa, maana huandika jina la baba na la mama wa marehemu, hata kama marehemu mwenyewe alikuwa mzee sana. Hivyo kaburi moja laweza kumfikisha mtafutaji kwenye kizazi kilichopita.

Sasa tumwendee mtu wetu. Wazee wake walitoka kisiwa kidogo cha Ulva, upande wa magharibi wa Uskoti, ambako watu walisema Kigaeli. Babu yake aliona kwamba shamba la kisiwani halitoshi kuwalisha watoto wake, akahama mwishoni mwa karne ya 18, akaenda Blantyre katika wilaya ya Lanark, mahali penye kiwanda kikubwa cha kusokota pamba kando ya mto Clyde. Hapo akakaa, na hapo mwanawe Neil akamwoa Agnes Hunter. Neil alikuwa mchuuzi wa majani ya chai, mtu wa dini sana, naye alipenda kusoma kuliko kupata mali. Walipata watoto saba, na watano katika hao wakakua: John, David, Janet, Charles na Agnes.

David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika nyumba ndefu ya wafanya kazi wa kiwanda. Jamaa wote walikuwa na chumba kimoja tu. Humo walipika, humo walikula, humo walilala. Alipokuwa na miaka kumi alitiwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, akafanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini.

Karani wa mwaka 1821 alipowahesabu watu wa Blantyre, David alikuwa na miaka minane. Na mwaka 1831 alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Mara zote mbili alikuwapo nyumbani, akahesabiwa. Lakini serikali haikutaka jina lake. Alikuwa mmoja katika idadi ya wanaume, basi.

Hapa inafaa tutaje neno moja ambalo huwapoteza watafutaji wengi. Jina la ukoo wao halikuandikwa sikuzote kwa namna moja. David mwenyewe, alipokuwa kijana na hata baada ya kufika Afrika, aliandika Livingston, bila ya herufi ya mwisho. Akaja kuirudisha herufi ile alipokuwa mtu mzima, kwa kuwa baba yake alitaka hivyo. Kwa hiyo anayetafuta ukoo huu, au ukoo wowote, asiseme kwamba watu hawamo kitabuni kwa sababu hakuona jina kama alivyolizoea. Karani aliandika alivyosikia, na wengi walioulizwa hawakujua kusoma, wasiweze kumsahihisha.

Mwaka 1836 David alikwenda Glasgow kusoma udaktari, na baadaye akapokewa na Chama cha Misioni cha London. Novemba 1840 alipata cheti chake cha utabibu, na tarehe 20 mwezi ule ule akawekewa mikono awe mhubiri. Tarehe 8 Desemba akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini. Miezi sita ikapita, ndipo makarani wa mwaka 1841 walipotoka na karatasi zao, wakitaka majina kwa mara ya kwanza. Katika wilaya ya Lanark waliweza kuwaandika Neil na Agnes. David hawakumkuta. Alikuwa katika safari ya magari ya maksai kutoka pwani kwenda Kuruman, na huko alifika tarehe 31 Julai.

Na jambo la ajabu ni hili. Kuruman ilikuwa nyumbani kwa mmisionari Robert Moffat, naye Bwana Moffat na jamaa yake walikuwa wamekwenda likizoni Uingereza tangu mwaka 1839, wakakaa huko mpaka mwaka 1843. Binti yake Mary, aliyezaliwa Afrika, alikuwa pamoja nao. Basi usiku ule wa hesabu, Mary alikuwa katika nchi ya David, na David alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Mary, wala hawajajuana bado. Walionana Moffat aliporudi, wakaoana Kuruman mwezi Januari 1845.

Hesabu ya pili yenye majina ilifanywa tarehe 30 Machi 1851. Wakati huo David na Mary walikuwa Kolobeng, katika nchi ya Bakwena, pamoja na watoto watatu: Robert, Agnes na Thomas. Mtoto wa nne, Elizabeth, alikuwa amezaliwa Agosti 1850 akafa baada ya majuma machache, akazikwa pale pale Kolobeng. Hakuna kitabu cha serikali ya Uingereza kilichowahesabu hao. Mwaka ule ule wakaanza safari ya kaskazini, na mwezi Septemba mtoto mwingine, William Oswell, akazaliwa njiani, kando ya mto.

Ndipo Livingstone alipokata shauri ambalo lilibadili maisha ya nyumba yake yote. Aliona kwamba hawezi kuzipita nchi zenye homa akiwa na mke na watoto wadogo. Basi tarehe 23 Aprili 1852 aliwapandisha melini huko Cape Town, Mary na watoto wanne, wakaenda Uskoti, naye akarudi bara. Akavuka Afrika kutoka Luanda, pwani ya magharibi, mpaka Quelimane, pwani ya mashariki, akafika huko Mei 1856. Dunia nzima ilisifu. Lakini Mary alikuwa amefika katika nchi asiyoizoea, kwa wakwe ambao hakuwa amepata kuwaona. Hawakupatana. Akatoka nyumbani mwao Hamilton, akahamahama na watoto wake muda wa miaka minne na zaidi, mara kwa rafiki huyu, mara katika vyumba vya kupanga, fedha zikiwa chache na barua zikichelewa. Kama hesabu ingefanywa mara nyingi katika miaka ile, tungemwona Mary katika nyumba hii leo na kesho katika nyingine. Lakini hesabu hufanywa mara moja katika miaka kumi, na taabu ile yote iliangukia katikati.

Neil alikufa Februari 1856, asimwone tena mwanawe, ambaye alifika Uingereza Desemba ya mwaka ule. Jina la Neil likaandikwa katika vitabu vipya vya vifo vilivyoanza mwaka uliotangulia. David akakaa Uingereza mwaka mmoja na zaidi kidogo, akaandika kitabu, akahutubia watu. Na hotuba yake ya Cambridge, Desemba 1857, ndiyo iliyowasha moto uliozaa Misioni ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi katika wasomaji wetu waijua. Machi 1858 akaondoka tena.

Hesabu ya tatu ikaja tarehe 7 Aprili 1861. Livingstone alikuwa katika upande wetu wa dunia. Alikuwa katika meli iitwayo Pioneer, ametoka kuujaribu mto Ruvuma pamoja na Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa Misioni ya Vyuo Vikuu. Mary alikuwa amerudi Uingereza kwa watoto wake, na mtoto wa mwisho, Anna Mary, aliyezaliwa Kuruman Novemba 1858, alikuwa bado mdogo. Hesabu hiyo ndiyo ya mwisho iliyofanywa Mary akiwa hai. Katika mwaka ule ule alisafiri kumfuata mumewe, akamfikia mwanzo wa mwaka 1862. Na tarehe 27 Aprili 1862 akafa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, akazikwa chini ya mbuyu.

Watoto wakabaki kwa bibi yao na kwa shangazi zao wawili, Janet na Agnes, ambao hawakuolewa. Majina ya wanawake hawa si mashuhuri. Hakuna mto wala mlima unaoitwa kwa majina yao. Lakini mtu akipita katika karatasi za hesabu za mji wa Hamilton, ataona kwamba walioishika nyumba isianguke ni hao, na kwamba mtu aliyeacha watoto ili azitembee nchi, aliweza kufanya hivyo kwa sababu wengine hawakutembea.

Mwana mkubwa, Robert, alikuwa kijana mwenye moyo mgumu kutulia. Alitumwa Afrika ya Kusini ili amfikie baba yake, hakuweza. Akaenda Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaingia jeshi la kaskazini. Lakini hakuandikishwa kwa jina lake. Alijiita Rupert Vincent. Akatekwa, akafa mfungwa huko Salisbury, North Carolina, mwezi Desemba 1864, akiwa na miaka kumi na minane. Anayemtafuta Robert Livingstone katika orodha za jeshi lile hatamwona. Kama barua zake kwa nyumbani zisingalikuwako, jamaa zake wasingalijua alikoishia. Na sisi twafikiri kwamba kijana aliyelikimbia jina kubwa la baba yake alituachia neno zito kuliko lolote tuliloliona katika habari hizi.

Baba yake alikuwa Uingereza alipokufa Robert, maana alirudi Julai 1864, akaondoka tena Agosti 1865. Katika mwaka huo mama yake Agnes alikufa, mwezi Juni, naye akawahi kumzika. Tukipanga tarehe hizi tutaona jambo moja wazi: mara zote mbili aliporudi kwao, alikuja baada ya hesabu moja kupita, akaondoka kabla nyingine haijafika.

Hesabu ya nne ilifanywa tarehe 2 Aprili 1871. Siku zile Livingstone alikuwa ndiyo kwanza amefika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo sasa ni Kongo, mgonjwa, meno yamemtoka, hana habari za kwao. Mwezi Julai aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni hapo kwa bunduki za wafanya biashara ya utumwa, akarudi Ujiji amevunjika moyo. Mwaka ule ule Henry Morton Stanley akamkuta Ujiji. Naye Stanley, kwa hesabu za watu, ni kitendawili kingine: alizaliwa Denbigh katika Wales mwaka 1841, akabatizwa John Rowlands, na jina la Stanley alijipa Marekani. Anayelitafuta jina la Stanley katika habari za utoto wake hataliona.

Hivyo twapata neno letu. Katika hesabu zote nne za siku za Malkia Victoria zilizofanywa Livingstone akiwa hai, jina la mtu huyu aliyejulikana kuliko Waskoti wengi wa wakati wake halikuwamo hata moja. Walihesabiwa waliobaki.

Alikufa karibu na tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua zaidi ya kilometa 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwili ulipofika London, ilipasa kuthibitishwa kwamba ni yeye. Hapakuwa na karatasi iliyoweza kushuhudia. Daktari Sir William Fergusson aliutazama mkono wa kushoto, akaona pale mfupa ulipovunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844. Kwa alama ile akajulikana, akazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Na wale waliomchukua, wameandikwa wapi? Susi na Chuma walifika Uingereza mwaka 1874, wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari zake za mwisho, wakarudi mwaka ule ule. Hakuna hesabu iliyowakuta huko. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa katika minyororo ya utumwa mwaka 1861, mwaka ule ule wa hesabu ya tatu. Akafa Unguja mwaka 1882. Wainwright naye alikuwa Myao. Alikufa Urambo mwaka 1892. Susi, mtu wa Shupanga, alibatizwa Unguja mwaka 1886, akachagua jina la David, akafa mwaka 1891. Majina ya mama zao hatuwezi kuyaandika hapa. Mama wa Livingstone twamjua, na bibi yake, na kisiwa walichotoka, kwa sababu karani na kasisi walishika kalamu. Hao waliombeba hawakupata karani mlangoni kwao. Na daftari la ubatizo ndilo lililomshika Susi asipotee.

Anna Mary, yule mtoto wa mwisho, alipata mwana aliyeitwa Hubert Wilson, naye akawa daktari, akafanya kazi huko huko Chitambo babu yake alikofia. Katika nyumba ile iliyokuwa ikitawanyika kila mara, huyu alirudi mahali pale.

Siku hizi vitabu vya hesabu vya Uskoti hufunguliwa miaka mia ikiisha kupita, na mtu aweza kuzisoma kurasa zake kwa kompyuta. Kwetu, wengi katika wazee wetu hawakuandikwa popote isipokuwa katika daftari la parokia, na wengine hawakuandikwa kabisa. Wamo katika vichwa vya walio hai. Basi twawaomba walimu wafanye kazi ndogo hii na watoto wao katika mwaka wa yubile: kila mtoto aende kwa mzee wa nyumba yao, amwulize majina, na kijiji walikotoka, na nani alimlea nani wengine walipokwenda mbali. Ayaandike majina kama mzee anavyoyatamka. Wala asiwaache bibi na shangazi.